Alale kwenye mashine au asilale?

Nyumba yoyote ya Unguja yenye mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine ugomvi huu wanaujua. Mgonjwa karudi hospitali mchana, kachoka, kala matonge mawili matatu kajitupa kitandani mpaka alasiri, halafu usiku kucha anazunguka baina ya chumba na uwani anajikanda miguu, hapati hata lepe. Mke anasema mwacheni alale, mtu mgonjwa huyo jamani. Mtoto, ambae kesha soma soma kwenye simu, anasema mkimwacha ndo mnamharibia usiku wake.

Mtoto ana hoja, tena nzito. Mwili una saa yake, giza likiingia ubongo unamwaga melatonini usingizi unakuja, na kwa wengi wanaosafishwa damu kule kupanda kwa melatonini usiku kumedhoofika au hakupo kabisa. Sasa mtu huyo kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama masaa manne hivi kila mara, yumo kwenye kiti, shuka mpaka kifuani, kofia imeshuka machoni, mkono wenye mipira kaunyoosha juu ya mto, anakoroma. Tena maji ya mashine yakiwa na joto, mwili nao unapanda joto, ukija kupoa ndo usingizi unamjia, saa sita ya mchana! Wapo madaktari walopunguza lile joto kidogo wakaona usiku unakuwa afadhali, ingawa majaribio yenyewe madogo na wagonjwa wengine wanatetemeka kwa baridi.

Lakini mie nipo na mke zaidi. Kumkemea mtu asisinzie hakumtoi miguu inayomchezacheza wala ngozi inayomwasha. Miguu ile mara nyingine ni upungufu wa madini ya chuma, hilo linapimwa. Na kuna maji yalojaa mwilini, akilala chali yanapanda shingoni, njia ya hewa inabana, pumzi inakatika anashtuka. Kule Toronto wagonjwa 14 walihamishiwa kusafishwa nyumbani usiku, masaa nane wamelala, na matokeo yalotoka 2001 yakaonyesha kukatika pumzi kumepungua sana. Kwetu? Alokuwepo Zanzibar mwisho wa 2009, kebo ya baharini ilipokufa tukakaa miezi mitatu bila umeme, hataniuliza kwa nini nacheka.

Vidonge vya usingizi ndo sivitaki kabisa watu kujinunulia. Utafiti wa Marekani wa 2024, watu 126 wanaosafishwa damu, ulilinganisha trazodoni (dawa wanayopewa watu kuleta usingizi), tiba ya mazungumzo na kidonge kitupu kisicho na dawa, na hapana kundi lililolala vizuri kuliko jengine, ila wa trazodoni ndo walopata matatizo makubwa zaidi, khasa ya moyo.

Kitu ambacho si mke si mtoto anaekiuliza ni zamu. Mtu wa Nungwi akipewa zamu ya asubuhi mapema inabidi aamke usiku wa manane awahi gari, sasa huo usingizi wa usiku mnaomtakia ataulala saa ngapi? Utafiti mmoja wa Italia wa 2002 uliwakuta wa zamu ya asubuhi ndo wanaokosa usingizi zaidi. Mwezi wa Ramadhani ndo kabisa, mji mzima upo macho mpaka daku na yeye asubuhi anasubiriwa na sindano. Kwa hiyo mie nasema kwenye kiti alale, akirudi nyumbani asinzie kidogo tu, aamshwe kabla ya alasiri, na kabla hamjagombana naye nendeni mkaombe abadilishiwe zamu, hata kama mtaambiwa viti havitoshi.