Spitfire zilizobaki: zipi ziruke, zipi zipumzishwe

Tarehe 25 Mei 2024 ndege ya kivita aina ya Spitfire, namba MK356, ilianguka shambani karibu na kituo cha Coningsby huko Lincolnshire, Uingereza, na rubani wake akafariki. Ilikuwa ya kikosi cha kumbukumbu cha Jeshi la Anga la Uingereza, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1957 wakati ndege za Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa zikiishia kwa wauza vyuma chakavu. Kikosi kilisitisha safari zake kwa muda. Msiba ule ukafufua swali ambalo wapenzi wa ndege hizi wamebishana juu yake kwa miongo mingi: je, mashine iliyofikisha miaka 80 iendelee kurushwa, au iingizwe ndani ya jumba la makumbusho na isipae tena?

Nina msimamo wangu na nitausema. Lakini kila upande una hoja nzito, na kinachonikera katika mabishano haya ni jinsi Spitfire zote zinavyozungumziwa kana kwamba ni kitu kimoja. Haziko hivyo hata kidogo.

Spitfire ya kwanza, K5054, iliruka Machi 5, 1936 kutoka Eastleigh, karibu na Southampton. Aliyeibuni, R. J. Mitchell, alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 42 tu, kabla ndege yake haijaingia jeshini. Wenzake wakiongozwa na Joseph Smith waliiendeleza toleo baada ya toleo, kutoka injini ya Merlin ya lita 27 hadi ile ya Griffon ya karibu lita 37, mpaka zikaundwa zaidi ya 20,000. Zinazoweza kuruka leo ni makumi tu.

Afrika ina hisa katika habari hii, na huwa inasahaulika. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilitaja pauni 5,000 kuwa bei ya kuchangia Spitfire moja, na michango ikatoka kila pembe ya himaya, makoloni yetu yakiwemo. Ndiyo maana kikosi namba 72 kiliitwa Basutoland (Lesotho ya leo), namba 91 kikaitwa Nigeria, na namba 249 kikaitwa Gold Coast (Ghana ya leo). Chini ya ukoloni si rahisi kujua nani alichanga kwa moyo na nani alichangishwa, lakini fedha zilitoka mifukoni mwa Waafrika. Spitfire kongwe kuliko zote zilizopo, K9942, ambayo imehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga huko Cosford, ilitumika katika kikosi hicho hicho cha 72. Kwa hiyo mjadala wa namna ya kuzitunza ndege hizi unatuhusu na sisi.

Wanaotaka zikae chini huanza na hoja moja ambayo sijawahi kusikia jibu lake kamili: ikianguka, imekwenda. Mfano mchungu zaidi ninaoujua uko hapa hapa barani. Mwaka 1951 Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ilipokea Spitfire 22 za toleo la F.22, zikirushwa na marubani wake kutoka Uingereza kuvuka bara zima kuelekea kusini. Mbili kati yake zilibaki nchini kama kumbukumbu: PK350 na PK355. Ile ya kwanza ilisimamishwa kama mnara katika kambi ya New Sarum kwa miaka mingi, hadi Jack Malloch, aliyewahi kurusha Spitfire vitani Italia, alipoishusha na kuitengeneza upya na mafundi wake. Malloch alikuwa na historia yenye utata, kwa kuwa kampuni zake za ndege zilivunja vikwazo vilivyowekewa utawala wa walowezi weupe wa Ian Smith. Kazi ya mafundi wale, hata hivyo, ilikuwa ya kustaajabisha. PK350 iliruka Machi 1980. Miaka miwili baadaye, Machi 26, 1982, ilikutana na dhoruba ikaanguka, Malloch akafa nayo. PK355 ambayo haikuguswa ipo mpaka leo, katika makumbusho ya kijeshi ya Gweru.

Hoja yao ya pili inahusu ushahidi. Ndege ya zamani ni hati. Bati lake lina alama za nyundo za mafundi wa mwaka ule, wengi wao wanawake waliofundishwa kazi kwa haraka, lina rangi iliyopakwa juu ya rangi, lina viraka. Tazama bawa la kushoto la P7350, ambayo bado ni ya kikosi kile cha kumbukumbu. Oktoba 25, 1940, katika wiki za mwisho za mapambano ya anga juu ya Uingereza, ilipigwa risasi na ndege ya Kijerumani, Messerschmitt 109, na rubani wake Mpolandi akalazimika kuitua kwa dharura karibu na Hastings. Matundu yalizibwa, na viraka vyake vinaonekana mpaka sasa. Baada ya vita iliuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa pauni 25, na ikasalimika kwa sababu mnunuzi alitambua ilikuwa ndege gani, akairudisha jeshini. Viraka vile havitengenezeki upya. Kila saa moja angani inatikisa ribiti za 1940, yaani pini zinazoshikanisha bati, na kila ukaguzi wa usalama unaweza kuamua kwamba bati fulani limechoka, libadilishwe. Sheria ya usalama haiwezi kulihurumia bati la kihistoria, na haipaswi kulihurumia.

Upande wa pili nao una neno zito. Spitfire iliyoning'inizwa darini haikufundishi jinsi ilivyokuwa kazi kuirusha. Pua yake ndefu inamziba rubani asione mbele akiwa ardhini, kwa hiyo anaiendesha akiipindisha kushoto na kulia ili achungulie pembeni. Injini inapata moto upesi ikisubiri, maana rejeta iko chini ya bawa, nyuma ya mguu wa tairi, haipati upepo wa kutosha mpaka ndege iwe angani. Akichelewa kuruka, maji yanachemka. Katika matoleo ya mwanzo rubani alipandisha matairi kwa pampu ya mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukihamia kwenye usukani, na wageni walijulikana kwa namna ndege ilivyopanda na kushuka kila walipopampu. Haya yote yanaandikika, ndiyo. Lakini fundi anayejua kusikiliza Merlin ya silinda 12 na kusema silinda ipi haichomi vizuri hakujifunza kwa kusoma, na hatamrithisha mwanafunzi wake mbele ya injini isiyowaka. Ndege zikishuka zote, ujuzi huo utakufa ndani ya kizazi kimoja, na utakapohitajika hata kwa kuhifadhi zile zilizokaa, hapatakuwa na wa kuulizwa.

Pia makumbusho si peponi. Mei 1990 moto uliteketeza ghala la makumbusho ya anga ya Ufaransa karibu na Le Bourget, na makumi ya ndege yakawa majivu bila hata moja kuruka. Ndege iliyokaa bila matunzo nayo huliwa na kutu taratibu, pasipo mtu kupiga kelele. Tena fedha za maonyesho zinalipa mafundi, zinanunua mashine za kukata bati, zinafufua michoro ya kiwandani. Bila ndege zinazoruka, karakana nyingi zingefungwa.

Mpaka hapa mizani inakaribia kulingana. Kinachoiamua, kwa maoni yangu, ni swali ambalo pande zote mbili hulikwepa: chuma kinachoruka ni cha lini?

Chukua N3200. Mei 26, 1940, ikiwa ya kikosi chenye makao yake Duxford, Uingereza, iliruka kwenda kulinda wanajeshi waliokuwa wakiokolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, ikapigwa, ikatua kwenye mchanga wa ufuo wa Sangatte, karibu na Calais. Rubani wake alitekwa. Bahari na mchanga viliifunika mpaka mwaka 1986. Ndugu yake P9374, iliyotua ufukweni jirani siku mbili kabla yake, ilifukuliwa mwaka 1980. Zote mbili zimerudi angani. Lakini chuma kilicholala ndani ya chumvi kwa miaka 40 na zaidi hakiwezi kubeba ndege. Mhimili wa bawa la Spitfire ni mabomba ya mraba yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, mengi karibu na kiwiliwili na machache kuelekea ncha. Bomba moja likiliwa na kutu kwa ndani, bawa zima halifai. Mafundi wanatengeneza mapya. Wanakata bati jipya, wanagonga ribiti mpya, na wanarudisha vile vipande vichache vya asili vinavyokubalika. Kinachopaa ni ndege mpya kwa sehemu kubwa, iliyoundwa kwa michoro ya zamani, ikiwa na namba ya zamani.

Kuna wanaoliita hili udanganyifu. Sikubaliani nao, wala sikubaliani na wanaosema hakuna tofauti. Watu wa pwani wanajua kwamba jahazi la Lamu hubadilishwa mbao mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayelinyima jina lake. Lakini jahazi lile halikukoma kufanya kazi. Ubao mpya ulikaa pembeni ya ubao wa zamani, ukazeeka nao, chini ya fundi aliyejua ule wa zamani ulifanywaje. N3200 ilikatika kwa miaka 46, kisha ikazaliwa karibu yote kwa mkupuo mmoja. Jina limerithiwa kwa haki, lakini anayeitazama ana haki ya kuambiwa anatazama nini.

Na hapa fedha inaingia. Julai 2015 P9374 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Bei kama hiyo inamfanya mmiliki apende zaidi neno "halisi" kuliko orodha ya vipande vilivyobadilishwa. Orodha hiyo ipo. Karakana inayojenga ndege ya kubeba binadamu lazima iandike kila sehemu ilitoka wapi na iliingizwa lini, la sivyo haipewi kibali cha kuruka. Ningependa ibandikwe ubaoni kando ya ndege kwenye kila maonyesho, kwa maneno mepesi: hiki ni cha 1940, hiki ni cha juzi.

N3200 ilikabidhiwa Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, mwaka huo huo wa 2015, na makumbusho hayo yanairusha kutoka Duxford, kiwanja kile kile kilichokuwa makao ya kikosi chake. Makumbusho hayo hayo yana R6915 katika jumba lao la London, ikining'inia darini. Hiyo ilitoka mara 57 kupigana katika miezi ya 1940. Taasisi moja inarusha moja na kuipumzisha nyingine, na mimi naona imepatia. Ile iliyojengwa upya ibebe kazi ya kuonyesha na kufundisha. Ile yenye chuma kilichokuwepo vitani ikae.

Kuhusu hatari kwa watu, nitasema kwa ufupi. Rubani anayejua anachokiingia ana haki ya kukiingia. Mpita njia hana alichokubali. Agosti 22, 2015 jeti aina ya Hawker Hunter ilianguka barabarani huko Shoreham wakati wa maonyesho, ikaua watu 11. Haikuwa Spitfire, lakini somo ni la wote, na masharti makali yaliyofuata kuhusu umbali na urefu yalistahili. Nina mashaka zaidi na biashara ya Spitfire za viti viwili, ambapo abiria hulipa maelfu ya pauni kwa takribani nusu saa. Baadhi yake zilikuwa za kiti kimoja, zikakatwa mgongo ili kuweka kiti cha pili kwa sababu hicho ndicho kinacholipa. Kama kiwiliwili ni kipya, wakate wapendavyo. Kama ni cha vita, hiyo ni hasara ambayo risiti haiwezi kuifidia.

Kwa msingi huo nasema P7350 ishushwe. Najua jinsi kauli hiyo inavyowaumiza wanaoipenda, kwa kuwa ni miongoni mwa chache mno zilizopigana mwaka 1940 na bado zinapaa, na mamia ya maelfu ya watu wamesimama chini yake wakitokwa machozi. Kikosi chake kina Spitfire nyingine za kuruka, na kinaweza kupata zilizojengwa upya. Viraka vya Hastings haviwezi kupatikana tena popote.

PK355 nayo ibaki Gweru. Kwa bei za sasa za minada, si ajabu tajiri fulani akaitamani, aahidi kuirudisha angani, na fungu la fedha alilobeba litaonekana kubwa mbele ya makumbusho yenye mahitaji mengi. Ahadi hiyo, hata ikitimia, ingemaanisha kuvuliwa sehemu kubwa ya bati lake na kurudishiwa jipya nje ya bara hili. Inachohitaji ni paa zuri, ukaguzi wa kutu kila mwaka, na vijana wawili watatu wa ufundi wa Zimbabwe wapelekwe Duxford wakajifunze kwa mafundi wanaoirusha N3200 namna ya kuutunza mhimili wa bawa kabla kutu haijaufikia kwa ndani.