"Dawa ya kutapika" ni jina linalodanganya

Ukipita maduka ya dawa ya Mbeya kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu, anayeomba "dawa ya kutapika" hupewa ondansetroni au metoklopramaidi, zote za kuzuia kutapika, ile iliyo karibu na mkono. Naona hilo ni kosa, maana utumboni dawa hizi zinavutana.

Takriban 90% ya serotonini ya mwili, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli, iko tumboni, si kichwani. Tonge la ndizi likitanua ukuta wa utumbo, seli za utando wa ndani humwaga serotonini, nayo huamsha neva za hapo hapo: nyuma ya tonge msuli unakaza, mbele unalegea, tonge linasogea. Kisha serotonini hufyonzwa upesi. Fluoksetini, dawa ya sonona, huzuia kufyonzwa huko, ndiyo maana wengine huanza kuharisha wakiitumia.

Vipokezi viwili, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa serotonini, ndivyo vyenye maneno hapa. 5-HT3 hupeleka ubongoni habari kwamba tumbo limechafuka, lakini pia husaidia mwendo wa utumbo mpana. Ondansetroni hukiziba: kutapika kunatulia, choo kinakawia. 5-HT4 kikiamshwa, neva humwaga zaidi asetilikolini, kemikali inayokaza misuli, na tumbo husukuma chakula mbele. Metoklopramaidi hukiamsha.

Sasa chukua mtu aliyemeza ondansetroni 8 mg mara mbili kwa siku, siku tatu, na kwa baridi ya Uyole hata maji hanywi. Siku ya nne anarudi, choo kimefunga, anauziwa bisakodili, dawa ya kufungua choo. Dawa ya pili imenunuliwa kufuta kazi ya ile ya kwanza! Swali moja tu lingetosha: "Choo kikoje?"

Metoklopramaidi nayo si ya kuchezea. Kwa mtu mzima ni 10 mg, isizidi mara tatu kwa siku wala siku tano. Tumbo likiwa limevimba, choo hakuna, hewa haitoki, na matapishi ni ya kijani, huenda utumbo umeziba. Kuusukuma ni hatari, apelekwe hospitali. Kwa watoto na vijana metoklopramaidi inaweza kupinda shingo na kugeuza macho juu, watu wakadhani degedege au karogwa. Hapo kosa ni la dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe, ambayo dawa hii huizuia ubongoni; serotonini haimo.

Na abiria wanaotapika kwenye kona za Kitonga? Ondansetroni haiwafai sana, maana vurugu yao inaanzia sikio la ndani. Promethazini kabla ya safari husaidia zaidi, ila inalaza, dereva asiiguse.