Beringi Inakaa Kiganjani, Injini Inakaa Sakafuni

Jamani, hivi waliochora MGB, ile gari ya michezo ya Kiingereza iliyotoka 1962, walikuwa na ugomvi na nani? Rilizi beringi ya klachi, ile inayosukuma klachi iachie unapokanyaga pedali, ni kitu cha kushika kiganjani, lakini kuifikia lazima injini ing'olewe. Injini nzima, kwa kipete cha kaboni! Wenye Volkswagen Beetle wanatucheka kwa sababu injini yao imeshikwa na bolti nne tu. Wacheke, lakini na wao watalala chini ya gari vilevile.

Na aliyeiua beringi anajulikana. Ni yule dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali kama yuko kibarazani. Kaboni haina gololi. Inasagika kila inapoguswa, ikiisha chuma kinakwangua chuma.

Kabla ya kung'oa chochote, hakikisha mwizi ndiye huyo. Weka gia huru, injini iwake, kisha gusa pedali kidogo. Mlio ukianza hapo, ni rilizi. Mlio ukiwepo mguu ukiwa umetoka, halafu ukapotea unapokanyaga, pole sana: hiyo ni beringi ya mbele ya giaboksi, kazi nyingine kabisa.

Haya, toa waya wa betri, kwenye MGB mwaga maji ya rejeta, kata mawasiliano yote, nyanyua. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Usiache uzito wa injini wala giaboksi uning'inie kwenye shafti ya giaboksi, unapinda pleti ya klachi (ile sahani ya katikati), kisha utashangaa gia zinagoma na vipuri vyote ni vipya.

Ukishafika ndani, usibadilishe beringi peke yake ukajiona mjanja. Tazama vidole vya presha pleti, ile inayobana pleti ya klachi: vikiwa na mfereji, vitaitafuna beringi mpya. Tikisa uma wa klachi, ule unaobeba beringi. Pini na bushi vikicheza, beringi itakaa upande. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, badilisha sasa, au utarudi hapa hapa na jeki yako. Bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, iloweke kwenye oili kabla ya kuipiga ndani.

Grisi, wapenzi wangu, grisi! Meno ya shafti yanataka utando tu. Ukipaka kwa ukarimu, inarushwa kwenye pleti na klachi inateleza. Beringi ya kaboni usiipake kabisa. Ile ya gololi iliyofungwa usiioshe kwa petroli, maana utaondoa grisi ya ndani na italia kabla ya mwezi kuandama.

Kurudisha: pleti ikae katikati kwa kipimio chake, upande ulioandikwa flaiwili utazame flaiwili, bolti za presha pleti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Beetle inataka pedali icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kushika. Rekebisha kwa nati iliyo mwishoni mwa kebo. MGB ni ya haidroliki, haina cha kurekebisha, ila ukifungua bomba utatoa hewa mpaka mkono uume.

Halafu unapiga stata, injini inasota kivivu, na kebo ya choki, ile unayovuta injini ikiwa baridi, inafuka moshi. Usimtukane fundi umeme. Umesahau kurudisha waya wa arthi wa injini, na umeme wote wa stata unapita kwenye choki.