Beata Ni Nani?

Kilatini nilianza kukisoma nikiwa na miaka 46, kila Jumanne jioni, katika chuo kimoja cha watu wazima hapa London. Usiniulize kwa nini. Wenzangu wakitoka kazini wanakwenda kutazama mpira. Mimi nikishuka kwenye basi ninaloliendesha, nakwenda kunyambua vitenzi vya watu waliokwisha kufa. Waingereza wana mazoea hayo ya siku nyingi. Chuo cha Birkbeck, cha hapa hapa London, kilianza 1823 kikisomesha mafundi wakishatoka vibaruani, basi nikajihesabu na mimi fundi.

Bibi mmoja mstaafu alitaka kusoma maandishi ya kwenye makaburi ya kanisani kwao. Wakili mmoja alichoka kutumia maneno asiyoyaelewa. Wote walinishinda, hadi tulipofika kwenye upatanisho. Mwalimu akasema kivumishi lazima kiifuate nomino: msichana mwema ni puella bona, mvulana mwema ni puer bonus. Watu wakashika vichwa. Wakili akauliza neno moja libadilike-badilike kwa faida ya nani. Mimi nikacheka moyoni. Mtu aliyekua akisema kiti kizuri, mti mzuri, gari zuri, nyumba nzuri, utamtisha na bona na bonus? Tangu siku ile nikawa kipanga wa darasa, na ukipanga huo ndio ulioniponza.

Desemba mpwa wangu akaoa, Dar es Salaam. Dada yangu akasema mjomba mtu atatoa keki. Nikatoa ya ghorofa tatu. Mpishi akaniuliza kwa WhatsApp iandikwe nini. Wengine huandika "Hongereni" yakaisha. Mimi nikaona hapa ndipo elimu inapojulikana. Maisha kwa Kilatini ni vita. Yenye heri ni beata, tena na -a mwishoni kwa sababu nomino ni ya kike, nililikagua mara tatu. Nikamtumia kwa herufi kubwa: VITA BEATA.

Mpishi akajibu, "Una uhakika, mjomba?"

Nikamwambia aandike kama alivyoambiwa.

Miezi mitatu naliandika lile neno daftarini, hata siku moja sikuwahi kulitazama kwa macho ya nyumbani.

Keki ikaingia kwa matarumbeta. MC akainama akasoma, akasogeza maiki pembeni, akasoma tena. "Mabibi na mabwana, keki hii ni zawadi ya mjomba wa bwana harusi, ametoka nayo mawazo Ulaya. Imeandikwa... Vita, Beata."

Matarumbeta yakanyamaza moja moja. Bibi harusi haitwi Beata. Wala mama mkwe, wala msimamizi. Shangazi wa bibi harusi, kilemba kirefu kama mnara wa simu, akasimama.

"Beata ni nani?"

Mpwa wangu alikuwa anajifuta jasho kwa kitambaa cha kukatia keki. "Mjomba," akanong'ona, karibu na maiki, ukumbi mzima ukasikia, "mimi simjui Beata yeyote." Ungemsikia alivyolitamka, hata mimi nilianza kumshuku.

Padri aliyefungisha ndoa alikuwa meza kuu. Kilatini alikisoma seminari, na neno lake moja lingeniokoa. Alikuwa ameinamia sahani, mabega yakitikisika.

Ikabidi niinuke. Nilitaka kueleza kwamba si vita hiyo, ni nyingine, na kwa kuwa mwalimu wetu husisitiza kwamba Warumi wa kale V waliitamka W, nikapaza sauti kutoka meza ya tano:

"Siyo vita! Inasomwa wita! Wita Beata!"

MC alikuwa kijana mtiifu. Akarudi kwenye maiki.

"Mjomba anasema aitwe Beata. Beata, popote ulipo ukumbini, unahitajika hapa mbele kwenye keki."

Kimya. Bibi harusi akakigeuza kisu mkononi, akamtazama mumewe kuanzia viatu kwenda juu.

Kule nyuma, kwenye masufuria ya pilau, dada mmoja wa mapishi akaweka upawa chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaitikia:

"Abee!"