Mjusi wa Tendaguru: arudi, au abaki Berlin?

Kila suala la mjusi wa Tendaguru linapozuka, bungeni au kijiweni, hoja ni zile zile: huyu ni dinosaria ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba Lindi enzi za ukoloni na kuipeleka kwenye makumbusho ya Berlin. Mmoja anataka arudishwe kesho, mwingine anauliza tutamweka wapi. Wote wawili humzungumzia kama sanamu. Ardhi alimotoka haitajwi.

Ardhi hiyo ina umri. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, na mifupa yake mingi ni ya mwisho wa kipindi cha Jurasiki, katika hatua ambazo wanajiolojia huziita Kimeriji na Titoni: kati ya miaka milioni 155 na 145 hivi iliyopita. Kimeriji ni jina la kijiji, Kimmeridge, pwani ya kusini ya Uingereza. Mjusi wa Lindi anahesabiwa miaka kwa jina la kijiji cha Waingereza; haya, hilo sina ugomvi nalo. Kinachonivutia ni jinsi umri wenyewe unavyosomwa. Pale Tendaguru matabaka yenye mijusi yamepishana na matabaka ya mchanga wa bahari yaliyojaa makombe. Bahari ilipanda, ikarudi nyuma, ikapanda tena, na makombe hayo pamoja na vijidudu vya baharini ndivyo vinavyotusaidia kujua mijusi iliishi lini. Mfupa ukitenganishwa na kumbukumbu ya tabaka lake, umekuwa pambo.

Hapo ndipo wanaotaka abaki wana nguvu. Mifupa iliyochimbwa 1909 hadi 1913 chini ya wanasayansi wa Kijerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, iko Berlin pamoja na kumbukumbu zake. Tena lile zimwi la zaidi ya mita 13 kwenda juu, dinosaria wa shingo ndefu aitwaye Giraffatitan, lililosimamishwa 1937, si mnyama mmoja. Limeungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na palipopungua pakajazwa vya kuigiza. Kulifungua na kulisafirisha si lelemama.

Ila hoja ya upande wa Berlin ya "sisi tumetunza" inanikera. Zaidi ya tani 200 zilitoka porini kwa vichwa na mabega ya watu, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kuiteketeza kusini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wanaomjua leo ni wachache hata hapa kwetu. Mifupa ilifungwa kwa fito za mianzi ili isivunjike njiani, na baadhi ya mafurushi hayo yalikaa Berlin karibu karne nzima bila kufunguliwa. Anayesema hatuna stoo ajibu kwanza hilo.

Serikali imewahi kusema haina mpango wa kumdai mjusi, ikipendelea ushirikiano. Sawa, lakini ushirikiano upimwe kwa vitu. Ningeanza na mianzi: furushi moja lifunguliwe Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa jiolojia, na nakala za kumbukumbu za uchimbaji zikiwa mezani. Lile la mita 13 tulijadili baadaye.