Hatujaomba sauti kubwa, tumeomba msimulizi

Jamani wahudumu wa sinema za Marekani, asiyeona anasikia vizuri tu! Akiomba kifaa cha maelezo ya sauti anamtaka msimulizi: nani kaingia, nani kachomoa kisu, wakati wahusika wamenyamaza.

Faili la filamu ya kidijitali lina njia kadhaa za sauti zenye namba, na mbili kati yake ndizo huchanganywa. Ya 7 hukuza mazungumzo kwa wenye usikivu hafifu. Ya 8 ni ya msimulizi. Kifaa mara nyingi ni kilekile, basi mtu wa kaunta anabonyeza popote na kukukabidhi kwa tabasamu. Kosa halijitokezi mapema, maana matangazo na vionjo vya filamu zijazo kwa kawaida havina msimulizi. Filamu inaanza: muziki, nyayo, mlango, kimya. Mpaka upapase ngazi, umpate meneja, abadilishe, mtu keshauawa na hujui ni nani. Haya, kaandike uhakiki!

Vaa visikizi vionjo vikianza. Ukisikia mazungumzo yaleyale ya spika yamekuzwa, hiyo ni ya 7. Rudi kaunta hapohapo. Kimya mara nyingi ni dalili njema, almradi betri haijafa. (Taa ya betri ni ya kuangaliwa kwa macho, hongera kwa aliyeibuni.)

Na tangu Juni 2018 kanuni za huko zinataka sinema za kidijitali ziwe na vifaa hivi, pamoja na angalau mtu mmoja zamuni anayejua kuvitumia. Mmoja tu!