Asiyetumia Dawa Naye Ana Haki Yake

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza katika bara letu, vijiwe vya Dodoma vimepata wachambuzi wapya wa mchezo huu, jambo lililonifurahisha sana. Lililonikera ni kauli kuhusu dawa za kuongeza nguvu michezoni niliyoisikia kwa fundi baiskeli mmoja pale Majengo, aliyekuwa amejaa grisi hadi kwenye viwiko huku mnyororo ukimning'inia mkononi: "Mzee, hao wote wanatumia dawa. Waruhusiwe tu, mambo yaishe." Waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha wakatikisa vichwa kukubali.

Siwezi kudai kwamba shaka hiyo haina chanzo. Mmarekani Lance Armstrong alivuliwa mataji saba ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 2012 kwa kutumia dawa, baada ya kukana kwa miaka mingi, na Mwitaliano Marco Pantani aliondolewa Giro ya 1999, mashindano makubwa ya Italia, akiwa anaongoza, kwa kuwa kiwango cha chembe nyekundu za damu yake kilivuka ukomo wa asilimia 50, dalili inayotia shaka ya dawa. Kwa hiyo anayemwona Mslovenia Tadej Pogačar katika Tour ya 2024 akipanda mlima wa Plateau de Beille kwa zaidi ya dakika tatu pungufu ya muda wa Pantani wa 1998, nakubali, kwa shingo upande, kwamba ana haki ya kuuliza. Hana haki ya kuhukumu, maana Pogačar hajawahi kukutwa na kosa, na baiskeli na lishe za leo si za wakati ule.

Ninalolipinga kwa moyo wote ni hilo neno "wote". Christophe Bassons, Mfaransa, alikuwa katika timu ya Festina iliyofukuzwa Tour ya 1998 kwa kashfa ya dawa, na wenzake wenyewe waliwaambia wachunguzi kwamba yeye hakuwa akitumia. Mwaka uliofuata alipoandika waziwazi gazetini kuhusu dawa, wenzake walimsusa, Armstrong akamfuata wakiwa barabarani na kumwambia aondoke, naye akajitoa kabla mashindano hayajaisha. Anayesema wote wanatumia anamfukuza Bassons mara ya pili.

Na wakiruhusiwa, atakayeumia ni nani? EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, huifanya damu kuwa nzito na kuuelemea moyo, na mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Simpson alifia kwenye mlima wa Mont Ventoux katika Tour ya 1967 akiwa na amfetamini mwilini. Timu tajiri zitakuwa na madaktari wa kupima dozi, ilhali kijana anayefanya mazoezi alfajiri kwenye barabara ya Bahi, akipambana na upepo wetu juu ya baiskeli ya mtumba, atauziwa sindano asiyoijua na mtu asiyemjua.

Tudai vipimo vikali zaidi. Pasipoti ya kibaiolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya kila mmoja kwa miaka mingi, imekuwa ikifuatilia damu ya waendesha baiskeli tangu 2008, na kosa linaweza kushtakiwa hadi miaka 10 baadaye. Sampuli zihifadhiwe na kupimwa upya, za washindi wote, zikiwemo za Biniam Girmay wa Eritrea, ambaye jezi yake ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, katika Tour ya 2024 ilinitoa machozi.